Kiwanja cha ndege kiko Goma, safari inaanzia Gisenyi



Juzi tulisindikiza mwenzetu. Amepata bursi ya kwenda kusoma uhandisi wa maji kule Moroko. Miaka miwili, masomo na chumba vinalipwa. Hatuandike jina lake, na mnajua kwa nini. Tutamwita dada yetu, maana kwetu ni dada kweli.

Mwenye kuishi Goma hawezi kuuliza kwa nini alichagua maji. Ziwa Kivu liko mbele ya macho yetu, na bado bamama na watoto wanapandisha bidoni za njano kila asubuhi, wengine kichwani, wengine kwa chukudu. Mji wenye watu zaidi ya milioni moja unalala na kiu pembeni ya ziwa. Dada yetu alibeba bidoni tangu akiwa na miaka saba. Siku alipopata jibu la bursi alituambia: "Nataka nirudi na akili ya kupandisha yale maji mpaka kwetu." Hiyo ndiyo hesabu yake yote.

Leo tunataka kuzungumza juu ya siku yake ya kwanza ya safari. Siku moja tu. Ndani ya siku ile moja tuliona mambo yote ambayo kijana wa mji huu ananyimwa, na tuliona pia kwamba hayakuanguka kutoka mbinguni. Kuna watu waliyaamua, na wanaweza kuyaamua vingine.

Saa kumi na moja ya asubuhi tulikuwa tayari kwao. Nyumba yao iko karibu na kiwanja cha ndege. Tulipokuwa wadogo, ndege ikishuka mabati yalikuwa yanatikisika, na watoto wote wa avenue tulikuwa tunakimbia kupungia mkono. Siku hizi ni kimya. Tangu mwisho wa Januari 2025, AFC/M23 walipochukua mji, hakuna msafiri wa kawaida aliyepanda ndege pale. Kabla ya hapo, Ethiopian Airlines ilikuwa inatua Goma, na mtu aliweza kutoka kwao kwa miguu akiburuta valizi mpaka kiwanjani, akalala Addis Ababa.

Mama yake alikuwa ameamka saa nane ya usiku. Alifunga sambaza za kukauka na fromaji ya Masisi ndani ya mifuko mitatu ya plastiki. Valizi tukaipima kwa mizani tuliyoazima kwa jirani anayeuza maharagi. Ilizidi kilo 23. Tukaanza kutoa vitu. Mama akakataa tusiguse fromaji. "Nguo atapata kule. Fromaji ya Masisi atapata wapi?" Tukatoa viatu na kitenge kimoja. Koko akaomba Mungu, maombi marefu, mpaka motari akapiga honi mara mbili.

Tulifika Grande Barrière jua likiwa linatoka. Pale ndipo mama alipobaki. Hakuwa na karatasi ya kuvuka. Kadi yake ya uchaguzi ya mwaka 2023 wino umefutika: picha imebaki kama kivuli, jina halisomeki. Na kwetu sisi kadi ya uchaguzi ndiyo kitambulisho, maana kingine wengi hatuna. Kwa hiyo mama aliyezaa mtoto, aliyemsomesha kwa kuuza makala, hakuweza kumfikisha hata mita mia mbili ndani ya inchi jirani. Alimshika mikono yote miwili, akamwambia: "Enda bizuri, mwanangu. Usitusahau." Halafu akageuka haraka. Hakutaka mtoto aone machozi.

Wawili kati yetu tulivuka naye. Tuseme wazi, shida yetu si kuvuka. Watu wa Gisenyi ni majirani. Usiku wa tarehe 22 Mei 2021, Nyiragongo ilipotema moto, maelfu yetu tulikimbilia kwao na godoro kichwani. Tunavuka kununua viazi, kuuza sambaza, kuhudhuria harusi. Kuvuka kwa kupenda ni maisha ya mji wa mpaka. Kuvuka kwa sababu milango mingine yote imefungwa, hiyo ni hali nyingine.

Angalia pesa. Benki za mjini zilifunga milango Januari ile ile ya 2025. Mjomba wake alimtumia pesa ya njia kutoka Lubumbashi kwa simu. Kuzitoa kulikula kipande. Kuzibadilisha kukala kipande kingine. Aliyetuma alijua anatuma nauli na chakula. Kilichofika kilikuwa nauli.

Kutoka Gisenyi tulipanda basi ya Kigali. Ni kilomita kama 155, milima na kona mpaka Musanze, halafu kona tena. Masaa matatu na kitu. Dada yetu alikaa dirishani. Karibu na Musanze alisema neno ambalo limetubaki: "Bayaya, munaona, kiwanja ya ndege iko nyuma ya nyumba yetu, na mimi napita kwa batu juu ya kutafuta ndege." Hakuna aliyejibu. Tungejibu nini?

Na hiyo ilikuwa sehemu nyepesi. Sehemu nzito ilikuwa imepita tayari, miezi mingi kabla ya siku ya kwanza.

Mwaka jana dada yetu alikuwa amepata nafasi nyingine, inchi nyingine. Aliipoteza. Pasipoti haikufika kwa wakati. Ofisi moja ilimwambia arudi kesho, na kesho ikawa miezi minne. Hatutaitaja, maana hadithi ya ofisi moja ni hadithi ya ofisi nyingi. Chuo kule kiliandika mara mbili, mara ya tatu kikampa mtu mwingine nafasi. Alituonyesha ile barua kwenye simu bila kusema kitu, halafu akaenda kuteka maji.

Pasipoti ya Kongo imekuwa mzigo tangu zamani, kabla hata ya vita hivi kuingia mjini. Ilifika wakati raia alilipa dola 185. Mwaka 2017 shirika la habari la Reuters lilionyesha kwamba katika zile 185, serikali ilikuwa inabaki na 65 tu. Zingine zilikwenda kwa makampuni. Baadaye bei ilishushwa, na tunakubali hilo. Lakini bei kushuka haisaidii kitu kama hakuna dirisha la kulipia katika mji wako.

Leo kijana wa Goma anayetaka pasipoti inayokubaliwa duniani lazima aitafute mahali serikali bado inafanya kazi. Makao ya muda ya mkoa yamehamia Beni. Kwenye ramani Beni iko kaskazini ya kwetu, katika mkoa huu huu wa Nord-Kivu. Lakini barabara ya kupitia Rutshuru na Lubero imekatwa na mstari wa vita. Kwa hiyo unatoka Kongo, unaingia Uganda, unazunguka mpaka Kasindi, unaingia tena Kongo. Kuomba ruhusa ya kutoka inchini, lazima kwanza utoke inchini! Anayeambiwa aende Kinshasa ndiye mwenye shida zaidi. Ni zaidi ya kilomita 1500 kwa ndege, na ndege hiyo lazima aipande kwenye inchi nyingine. Visa, mihuri ya diploma, sahihi za wizara, mingi ya hayo inaamuliwa kule, kwenye mji ambao hata saa yake si yetu. Kwetu ikiwa saa mbili, kwao bado ni saa moja.

Nani amefunga njia hizi? Tusijidanganye kwamba ni bahati mbaya. Tarehe 17 Januari 2002 volkano ilipasua mji katikati, na lava ikafunika kipande cha kiwanja chetu cha ndege upande wa kaskazini. Mawe yenye moto! Na bado ndege zilirudi kutua kwenye kipande kilichobaki. Kile ambacho lava haikuweza kukifunga moja kwa moja, wanadamu wamekifunga. Tarehe 30 Oktoba 2025 mjini Paris, rais wa Ufaransa alitangaza kwamba kiwanja kitafunguliwa kwa ndege za misaada katika wiki zinazofuata. AFC/M23 wakajibu kwamba hawakuulizwa. Sisi pia hatukuulizwa, na hatukuona ndege ya kupanda.

Kila upande una maneno yake. Kinshasa inasema haiwezi kutambua muhuri wa waasi. AFC/M23 wanasema wao ndio wanaongoza mji. Wote wawili wanazungumza habari ya mamlaka. Hakuna anayezungumza habari ya msichana mwenye barua ya chuo ambayo tarehe yake inapita. Barua ya chuo haingojei vita viishe.

Kuna wenzetu wanatuambia: "Na nyinyi mnasindikiza watu wa nini? Anayeondoka amekimbia. Akili zikienda, mji unabaki na nani?" Swali hili si la kudharau. Tunalijibu kwa heshima.

Kukimbia na kwenda kutafuta elimu ni vitu viwili. Mwaka 1952 Thomas Kanza aliingia chuo kikuu cha Louvain kule Ubelgiji, wakati mkoloni alikuwa haamini kwamba Mkongomani anaweza kukaa kwenye kiti kile. Uhuru ulipofika mwaka 1960, Wakongomani wenye diploma ya chuo kikuu hawakufika hata 30 katika inchi nzima, na Lumumba alimtuma Kanza huyo huyo kuisemea Kongo kwenye Umoja wa Mataifa. Walioificha elimu walijua wanaficha nini.

Na karibu zaidi na sisi, chukua Daktari Denis Mukwege, mtoto wa Bukavu. Udaktari aliusomea Burundi, akamaliza mwaka 1983. Alikwenda kufanya kazi Lemera, akaona bamama wanakufa kwa kuzaa, akaenda Angers, Ufaransa, kusomea magonjwa ya wanawake. Masomo yalipoisha aliweza kubaki kule na kuishi vizuri. Alirudi Lemera. Mwaka 1996 vita vikavunja hospitali ile, wagonjwa na wauguzi wakauawa. Mwaka 1999 akaanzisha Panzi. Mwaka 2018 dunia ikampa tuzo ya Nobel ya amani. Bila siku yake ya kwanza ya safari, bamama wangapi wa Kivu wangebaki bila wa kuwashona?

Lakini tuangalie vizuri hadithi ile. Mukwege aliweza kurudi. Njia ya kurudi ilikuwepo, karatasi yake ilitambulika, na kwenye kijiji kulikuwa na hospitali inayomngoja. Hapo ndipo sisi tunapoogopa leo. Tukizungumza juu ya akili zinazokimbia, tunawauliza wanaoondoka: mtarudi? Swali linapaswa kwenda upande mwingine pia: tumewaachia njia ya kurudi?

Sisi tunaoandika haya tuna diploma. Ziko ndani ya bahasha, juu ya kabati, panya wasizifikie. Mmoja wetu anauza vocha za simu, mwingine anafundisha kwa mshahara unaotoka kwa wazazi, mwingine hana kitu kabisa na anasema hivyo bila haya. Tungeweza kumwonea dada yetu wivu. Na tuseme kweli, kidogo tulimwonea. Lakini njiani tulifahamu kwamba tuko kwenye foleni moja na yeye. Anayebaki bila kazi na anayeondoka bila kujua atarudi vipi, wote wamefungiwa mlango ule ule.

Kwa hiyo tunasema haya.

Kwanza, karatasi za raia zitoke ndani ya vita. Serikali na AFC/M23 wametia sahihi tamko Doha tarehe 19 Julai 2025, wakatia tena sahihi mwezi wa Novemba. Wakiweza kukaa meza moja juu ya wafungwa, wanaweza kukaa pia juu ya pasipoti, diploma na vitambulisho. Itafutwe namna ambayo mwanafunzi wa Goma anachukuliwa alama za vidole Goma, bila upande wowote kupoteza heshima yake.

Pili, kiwanja cha ndege kifunguliwe kwa raia. Mgonjwa, mfanyabiashara na mwanafunzi si askari.

Tatu, mtu yeyote asishukiwe kwa sababu ya njia aliyopitia. Anayetoka Goma leo hana njia nyingine. Muhuri uliogongwa kwenye pasipoti yake mpakani si kura aliyopiga. Tunataka serikali iseme hilo kwa sauti, ili mtoto wetu akishuka Ndjili siku moja asianze kuulizwa yeye ni wa nani.

Nne, hii ni yetu sisi wenyewe. Tuwe macho na wauza bursi wa uongo. Wanajua tuna njaa ya kuondoka. Wanaomba dola 50 ya "dosiye", halafu 100 ya "visa", halafu simu haipokelewi tena. Usimpe mtu usiyemjua pasipoti yako. Andikia chuo chenyewe, uliza ubalozi wenyewe. Na wewe uliyekwisha kufika kule, kazi yako ya kwanza siyo picha ya theluji. Tuma habari ya bursi kwa aliyebaki, umwonyeshe namna ulivyojaza zile fomu. Dada yetu alijaza yake kwa msaada wa kijana wa Ndosho ambaye hawajawahi kuonana uso kwa uso. Yule kijana alitangulia Moroko miaka mitatu iliyopita na hakufunga mlango nyuma yake.

Turudi Kigali, tumalizie siku.

Kwenye uwanja wa ndege tulikaa nje mpaka giza. Tulikula mandazi mawili kila mtu. Dada yetu alifungua ile bahasha ya karatasi labda mara kumi: pasipoti, visa, kadi ya chanjo, barua ya chuo, karatasi za alama. Alikuwa anazihesabu kama mtu anayehesabu watoto wake wakati wa kukimbia. Wakati wa kuingia alitukumbatia, akatembea hatua chache, akarudi kutuachia simkadi yake ya Goma. "Muichunge. Nikirudi nitaihitaji."

Kabla ya kuruka alituandikia. Aliyempokea tiketi alimuuliza kama ana tiketi ya kurudi. Alimjibu hana, atarudi masomo yakiisha. Yule mtu akaandika kitu, akamruhusu apite. Lakini dada yetu alibaki na swali jingine, ambalo yule mtu hakumuuliza, na alituachia sisi: "Nitarudi kwa njia gani?"

Tulirudi Goma kesho yake. Mama alikuwa ameketi mlangoni na simu mkononi. Kabla hata ya salamu aliuliza: "Alikula?" Tukamwambia ndiyo, alikula. Akauliza kama fromaji ilipita. Ilipita.

Miaka miwili si mingi. Hiyo ndiyo muda tulio nao wa kupata jibu la swali la dada yetu. Na hatulitafuti kwa ajili yake peke yake. Kila asubuhi pale Grande Barrière kuna kijana mwenye valizi, na nyuma yake kuna mama ambaye kadi yake imefutika.

Simkadi yake tunayo. Tunaichunga.

Kwenda ni haki. Kurudi ni haki. Goma ni kwetu.